Mfinyanzi Hulia Gaeni



Wengi wenu mnajua kwamba safu hii huandikwa mbali na bahari. Huu ni mwaka wa kumi na moja tangu kazi ya mume wangu itutoe Mombasa na kutuleta Webuye, mji ulio kando ya barabara kuu iendayo Malaba, ambako badala ya mawimbi tuna maporomoko ya Nabuyole katika mto Nzoia. Kila nikiwaandikia huwaletea jambo la nyumbani: la malezi, la jikoni, la ujirani. Wiki hii nawaletea kisa cha bakuli la chai, na ndani yake mna kosa langu mwenyewe. Nimeona ni heri nilitaje mapema, lisije likaonekana kama mawaidha kwa wengine.

Mama yangu mzazi alikuwa yuaja kututembelea kutoka Mombasa. Yeye haamini maji ya friji. Kwake maji ya kunywa ni ya mtungi. Basi siku ya soko nikatoka na binti yangu kwenda kuutafuta. Mwishoni mwa safu ya wauza mboga alikuwapo bibi mmoja mtu mzima, ameketi juu ya gunia, na mbele yake vyungu vitatu na mtungi mmoja. Nikamwuliza bei. Akasema shilingi mia tano. Nikasema mia mbili.

“Mayi,” akaniambia, kwani ndivyo Wabukusu wamwitavyo mwanamke wa kuheshimiwa, “huu nimeufinyanga kwa mikono, nimeuchoma, nikaubeba kichwani kutoka bondeni.”

Nikafanya kama tufanyavyo sote: nikageuka nikaanza kwenda zangu. Hatua ya tano akaniita. Tukamaliza kwa mia mbili na hamsini, nami nikaondoka nimefurahi.

Njiani tukaingia dukani. Nikaona vikombe sita vya kigeni, vyeupe, vyenye ukingo wa rangi ya dhahabu. Bei ilikuwa imeandikwa kwenye kikaratasi: shilingi elfu moja na mia tano. Nikalipa bila ya kufungua kinywa. Tulipotoka nje binti yangu, aliyekuwa ameubeba mtungi, akasema, “Mama, yule bibi umempunguzia nusu. Huyu wa dukani hukumwomba hata shilingi moja.” Nikamjibu kwamba bei ya dukani haipunguzwi. Akanyamaza. Mzazi yeyote anajua kwamba kuna kunyamaza kwa mtoto kunakouma kuliko kujibiwa.

Mama alipofika, haukupita muda akafika pia mpwa wangu, ambaye anasoma Ujapani na alikuwa amekuja likizo. Alimletea bibi yake bakuli alilotunzwa na mwenyeji wake huko Kyoto, kazi ya mfinyanzi anayefuata njia za kale. Mama akalifungua kutoka katika kisanduku chake cha mbao, akaligeuza huku na huku. Lilikuwa jeusi tii. Halikuwa na mkono wa kushikia, halikuwa na ua lolote, na ukingo wake ulipanda na kushuka kama kilima cha Chetambe. Mama akauliza kwa upole, “Mjukuu wangu, hawakukupa lililoungua?”

Tulicheka sana. Kisha kijana akatueleza kwamba mabakuli ya namna ile, yakitoka katika mikono yenye sifa, huuzwa kwa bei ya ng'ombe wa maziwa. Mama akaliweka chini polepole, kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga.

Nimelisoma jambo hili tangu siku ile, na naomba niwasimulie niliyoyapata, kwa kuwa yanatuhusu kuliko tunavyodhani.

Katika karne ya 16 aliishi Ujapani bwana mmoja aitwaye Sen no Rikyu, aliyezaliwa mwaka 1522 na kufa mwaka 1591. Alikuwa mkuu wa mambo ya chai kwa mtawala Toyotomi Hideyoshi. Mtawala huyo alipenda fahari. Alikuwa na chumba cha kunywea chai kilichofunikwa dhahabu. Rikyu alipita njia nyingine. Alipenda chumba kidogo, mlango mfupi unaomlazimisha kila aingiaye ainame, na vyombo visivyojisifu. Alimpata mfinyanzi aitwaye Chojiro, ambaye husimuliwa kuwa alitoka katika ukoo wa watengeneza vigae vya kuezekea nyumba, na kwa maongozi yake Chojiro akafinyanga mabakuli ya chai, meusi na mekundu, kwa mikono mitupu bila ya gurudumu. Bakuli jeusi hutolewa tanuruni kwa koleo lingali jekundu kwa moto. Weusi wake hutokana na mawe ya mto Kamo, unaopita Kyoto, yanayosagwa na kupakwa juu ya udongo hata yakayeyuka motoni na kuwa kama kioo.

Chojiro alifariki mwaka 1589, lakini nyumba yake, iitwayo Raku, ingali inafinyanga mjini Kyoto hadi leo, baba akimrithisha mwana, zaidi ya vizazi kumi na vitano. Ni mapokeo ya nyumba hiyo kwamba udongo mzuri ukipatikana huhifadhiwa ili uje utumiwe na vitukuu. Fikirini, ndugu wasomaji: mtu anachimba udongo ambao hatauona ukiwa chombo.

Nilimwuliza mpwa wangu: ni nini kilichoiweka nyumba ile miaka mia nne na zaidi, hali viwanda vya vikombe vimejaa kila mahali? Badala ya kunijibu kwa maneno, akachemsha maji. Akatia bakulini unga wa majani ya chai ya kijani, akaupekecha kwa kipekecho cha mwanzi hata ukatoa povu. Akamkabidhi bibi yake kwa mikono miwili. Akamwelekeza alipokee kwa mikono miwili, alizungushe kidogo ili asinywe upande wa mbele, ambao ndio uso wa bakuli. Anywe, afute ukingo, kisha alitazame ndani na nje. “Na akimaliza kulitazama,” akasema, “mgeni humwuliza mwenyeji: limefinyangwa na nani?”

Hilo ndilo jibu. Mfinyanzi wa kule anaishi kwa sababu kuna mnywaji anayeuliza jina lake.

Kuna bakuli jingine huko ambalo kisa chake kinashangaza zaidi. Linaitwa Kizaemon, nalo limo katika hekalu la Daitoku-ji mjini Kyoto, na serikali imelitangaza kuwa hazina ya taifa. Halikutengenezwa Ujapani. Lilifinyangwa Korea katika karne ya 16, na aliyelifinyanga hajulikani. Mwanazuoni Yanagi Soetsu alipata ruhusa ya kuliona mwaka 1931, naye akaeleza kwamba lilikuwa bakuli la kulia chakula la mtu maskini, la bei rahisi, lililofinyangwa bila ya nia yoyote ya kuwa kitu cha fahari. Halikubadilika lilipovuka bahari. Kilichobadilika ni jicho lililolitazama.

Nasi watu wa pwani tulikuwa na jicho pia, ila tulilielekeza upande mmoja. Nendeni Gedi mkatazame mihrabu ya msikiti mkuu, mahali ambapo wazee wetu waliyapachika mabakuli ya kigeni katika chokaa. Tazameni kaburi la mnara la Mambrui, lililopambwa kwa mabakuli ya Kichina. Waliyaheshimu yaliyokuja na majahazi, na si vibaya kukiheshimu kilicho kizuri. Lakini wachimbuaji walipofukua magofu ya Gedi, vigae vilivyojaa ardhini vilikuwa vya vyungu vya wenyeji. Bakuli la mgeni liliwekwa ukutani. Chungu cha jirani ndicho kilichowapikia, kikawawekea maji, kikafukizia ubani nyumba zao. Aliyekifinyanga hakupata hata kibanzi cha ukuta.

Jambo hilo lilinirudisha mwenyewe kwenye soko la Webuye na vikombe vyangu vyenye ukingo wa dhahabu. Dini yetu imetukataza kula na kunywa katika vyombo vya dhahabu na fedha. Vikombe vyangu vilikuwa vya rangi tu, na sidai kwamba ni haramu. Lakini nilijiuliza: kama dhahabu tumeepushwa nayo, mbona macho yetu bado huikimbilia, hata ikiwa ya kupakwa, na udongo, ambao ndio asili yetu sisi wenyewe, tukaufanya kitu cha kubishaniwa na kudharauliwa?

Kuna uzi mwingine unaoiunganisha Kyoto na Kenya, nao si wa kubuni. Mwaka 1911 Mwingereza kijana, Bernard Leach, alialikwa Tokyo katika karamu ambayo wageni walipewa vyombo vibichi wavichore, kisha vikachomwa palepale kwa njia ya Raku. Alipokiona chombo chake kikitoka motoni, aliuacha moyo wake hapo. Mwaka 1920, pamoja na rafiki yake Mjapani Hamada Shoji, alifungua karakana mjini St Ives, Uingereza. Mwaka 1923 akajiunga nao mwanafunzi aitwaye Michael Cardew. Cardew baadaye alikwenda Afrika Magharibi, na katika miaka ya 1950 akaanzisha kituo cha ufinyanzi Abuja, Nigeria. Hapo alimkuta mwalimu badala ya mwanafunzi: Ladi Kwali, mwanamke aliyejifunza kufinyanga mitungi kwao kijijini, bila ya gurudumu. Leo sura ya Ladi Kwali imo nyuma ya noti ya naira 20. Kuna taifa la Afrika lililomweka mfinyanzi kwenye fedha zake.

Na mwaka 1974 akafika kituoni hapo binti wa Kenya, Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na aliyekuwa akisoma Uingereza. Kwa wanawake wa Abuja alijifunza kuinua chombo kwa mkono, msokoto juu ya msokoto. Hadi leo hafinyangi kwa gurudumu. Huving'arisha vyombo vyake na kuvichoma hata vikawa vyekundu kama chungwa lililoiva au vyeusi kama usiku, na makumbusho makubwa ya dunia, likiwamo la Uingereza, yameviweka. Mwaka 2020 alitunukiwa heshima ya Dame katika nchi hiyo. Nilipoiona picha ya chombo chake cheusi, chenye tumbo la mviringo na shingo ndefu, sikuwaza London. Niliwaza yule bibi na gunia lake, na mia mbili na hamsini zangu.

Siku ya soko iliyofuata nikarudi.

“Mulembe, kukhu,” nikamwamkia, yaani amani kwako, bibi. Akaitikia. Nikamwomba radhi kwa bei ya juzi. Akanitazama kama mtu asiyeelewa, kwani wanunuzi wote hufanya vivyo hivyo. Kisha nikamwuliza jina lake. Akacheka. “Miaka yote hii,” akasema, “huniita wewe wa vyungu.” Jina aliniambia, nami nalihifadhi, kwa kuwa hakunipa ili nilichapishe.

Nikaketi kando yake, akanieleza kazi yake. Udongo huchimbwa bondeni penye unyevu. Hukaushwa, hutwangwa, hulowekwa, kisha huchanganywa na unga wa vyungu vilivyovunjika ili chombo kipya kisipasuke motoni. Nilipenda sana jambo hilo: chungu kilichokufa huingia katika mwili wa chungu kinachozaliwa. Hakuna gurudumu. Kitako huwekwa juu ya gae, yeye akaligeuza gae polepole huku akipandisha misokoto ya udongo na kuilainisha. Kamba iliyosokotwa huviringishwa shingoni mwa chungu kingali kibichi, ikaacha mapambo. Huanikwa kivulini siku nyingi, kisha huchomwa uwanjani kwa kuni na nyasi kavu. Mvua ikija ghafla, kazi ya mwezi mzima hugeuka vigae.

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Nilikuwa nikidhani ni methali ya kumcheka mtu asiyejitendea mema. Nilipoketi pale niliisikia kwa namna nyingine. Hulia gaeni kwa sababu chombo kizima inambidi akiuze, tena akiuze kwa bei niitakayo mimi.

Hatua tatu kutoka pale palikuwa na mwanamke anauza mabeseni na majagi ya plastiki, mengi, ya rangi zote. Ni binti yake wa kumzaa. Nikamwuliza kama amejifunza kufinyanga. “Najua,” akasema, “lakini mama akiuza vyungu viwili kwa siku, mimi nimeuza beseni kumi. Na beseni halivunjiki njiani. Watoto wanataka karo.” Sikuwa na la kumjibu. Sitawaambia muyatupe mabeseni yenu. Hata mimi ninayo, na kwa nyumba nyingi wepesi na urahisi wake ni neema. Kukhu naye hakumlaumu. Alisema tu, akiwa anapanga vyungu vyake, “Si uvivu wa mtoto, mayi. Kazi hunyamaza wanunuzi wakinyamaza.”

Mji huu unaelewa maana ya kazi kunyamaza. Kiwanda cha karatasi kilipofungwa mwaka 2009, nchi nzima ilipata habari. Magazeti yaliandika, wabunge walisema. Mfinyanzi wa mwisho wa bonde akiiweka chini kamba yake ya mapambo, hakuna atakayeandika. Basi nimeandika mimi, angali hai.

Nilimwomba anifinyangie mabakuli sita madogo ya kunywea. Akashangaa: madogo kiasi hicho, tena bila ya mkono? Akakubali, akataja shilingi mia mbili kila moja. Nikasema sawa. Akaniangalia kwa mashaka. “Mbona hupunguzi? Kuna nini?” Hapo nikagundua kwamba hata nia yangu njema ilikuwa na ila yake. Kupatana bei sokoni ni mazungumzo. Mtu asiyepatana kabisa ni kama asiyeitikia salamu. Basi tukapatana kidogo, akashuka shilingi kumi, nami nikazirudisha za nauli, tukacheka sote wawili. Nililojifunza ni hili: kosa langu la kwanza halikuwa kupunguza. Lilikuwa kupunguza bila ya kujua ninapunguza nini.

Wiki ya tatu akaleta mabakuli manne. Mawili yalipasuka motoni, akakataa katakata kulipwa kwa yaliyopasuka. Alikuwa ameyachemshia uji mwepesi ili uzibe vitundu vya udongo yasivuje. Jioni ile nikamtilia mama kahawa ya tangawizi katika mojawapo. Alilipokea kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa na mjukuu wake, akanusa kabla ya kunywa. “Harufu ya jikoni kwa mama yangu,” akasema. Kisha akaligeuza, akaona alama ya kidole cha Kukhu karibu na kitako, akaweka kidole chake papo hapo.

Ndugu wasomaji, nyumba zetu zinayo adabu ya kinywaji. Tunawafundisha watoto waketi, wanywe kwa mkono wa kulia, wasipulizie chombo, wamtaje Mola. Tumebakiza adabu ndogo ya chombo chenyewe: kujua kimetoka mikononi mwa nani. Haihitaji safari ya Kyoto. Iwapo mko Lamu, Malindi au Kongowea, mkikutana na chetezo, mtungi au kikaango cha udongo, muulizeni anayekiuza ni kazi ya nani, udongo umechimbwa wapi, na kama yupo mtoto anayejifunza. Kisha ndipo mpatane.

Binti yangu, yule aliyenyamaza, ameomba aende kwa Kukhu kila Jumamosi. Nilipomfikishia ombi hilo nilidhani ataona ni mchezo wa mtoto wa mjini. Hakuuliza hata ana umri gani. Aliuliza kama mikono yake imezoea maji baridi, akaniambia nimlete upesi, kabla ya mvua kubwa. Udongo uwahi ungali maji.

Chombo chake cha kwanza kimepasuka, na Kukhu amekisaga tayari kwa ajili ya cha pili.

Wabillahi taufiq. Tukutane wiki ijayo, inshallah.